Hewa na joto katika banda la uyoga: mzigo mwingi huharibika kabla haujapakiwa

KIGALI – Kutoka mteremko wa Kimisagara hadi stendi ya mabasi ya Nyabugogo ni mwendo mfupi wa kushuka kwa miguu. Hiyo ndiyo faida ya mkazi wa Kimisagara anayetaka kuotesha uyoga katika chumba cha nyuma ya nyumba. Anachuma alfajiri, na kabla jua halijawa kali mzigo wake uko stendi, tayari kwa safari ya Rubavu, Gatuna au Rusumo.

Hasara iko kwenye chumba chenyewe. Nyumba za mteremko huu zimebanana, paa ni la bati, na dirisha mara nyingi ni moja. Mchana wa jua kali chumba kama hicho huwa tanuri. Usiku, kikifungwa kwa kuogopa wezi na panya, hewa yake haibadiliki mpaka asubuhi.

Mfanyabiashara akipokea uyoga uliogeuka njano na kuteleza, humlaumu dereva. Dereva naye humlaumu aliyepakia. Wakati mwingine kweli mzigo umefia chini ya turubai, lakini mara nyingi ulianza kufa siku moja au mbili nyuma, ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Sababu ni ile ile kote kuwili: joto limeingia au limezalishwa ndani, na halikupewa njia ya kutoka. Makala haya yanaeleza namna ya kuzuia hasara hiyo, kuanzia bandani hadi mpakani.

Uyoga tunaouzungumzia ni ule ambao Watanzania huuita mamama. Kwa Kinyarwanda uyoga ni ibihumyo, na ile mirija ya nailoni iliyojazwa pumba na mbegu za uyoga huitwa imigina. Mfanyabiashara anaweza kununua vyote viwili: mirija iliyokwisha kupandwa, au uyoga mbichi.

Uyoga unapumua kama mtu

Mboga za majani huhitaji mwanga ili zijitengenezee chakula. Uyoga hauko hivyo. Hula pumba, majani makavu au maranda, huvuta oksijeni na hutoa kabonidayoksaidi, mvuke na joto. Kwa hiyo chumba chenye mirija 500 ni sawa na chumba kilichojaa watu waliolala: kila saa hewa inachafuka na joto linapanda, hata kama jua halipo.

Maisha ya uyoga bandani yana hatua mbili, na kila hatua ina mahitaji yake.

Hatua ya kwanza ni ya giza. Utando mweupe unasambaa ndani ya mrija kwa majuma kadhaa. Hapa joto la nyuzi 24 hadi 28 linafaa, na hewa nzito haileti madhara makubwa. Hatari ni joto la ndani ya mrija wenyewe, kwa sababu utando unaokua kwa kasi huchemsha pumba. Katikati ya mrija panaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Kipimajoto cha ukutani kikionyesha 28, katikati ya rundo la mirija panaweza kuwa 33 au zaidi. Utando huanza kuumia kwenye nyuzi 35, na ukifika karibu na 40 hufa. Mahali palipokufa, ukungu wa kijani huchukua nafasi.

Hatua ya pili ni ya kuzaa. Mrija hukatwa, na uyoga unachomoza. Sasa mambo hugeuka: uyoga unataka hewa safi, unyevu wa asilimia 80 hadi 95, mwanga kidogo na joto la chini zaidi. Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi sehemu takriban 420 kwa kila sehemu milioni. Ndani ya banda la kuzaa isizidi 1,000. Ikizidi hapo, uyoga hurefusha shina kuitafuta hewa na kofia hubaki ndogo kama kifungo.

Ndiyo maana mtu mwenye chumba kimoja tu hupata taabu. Mirija ya giza na mirija inayozaa ikiwekwa pamoja, mmoja wao ataumia. Hata pazia zito la kugawa chumba, lenye njia mbili tofauti za hewa, ni afadhali kuliko kuchanganya.

Uliza mbegu ni ya joto au ya baridi

Kabla ya kugharamia feni, muulize muuza mbegu swali moja: hii ni aina gani? Ipo mamama inayozaa vizuri kwenye nyuzi 10 hadi 21, na ipo inayovumilia nyuzi 18 hadi karibu 30. Zote huitwa kwa jina moja sokoni.

Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana joto huwa kati ya nyuzi 26 na 28, na alfajiri hushuka hadi 15 au 16. Kwa hali hiyo mbegu ya joto ndiyo inayofaa chumba cha bati. Mbegu ya baridi iachiwe mtu wa Musanze au wa milima ya Kabale. Mfanyabiashara anayevusha mbegu mpaka ni lazima ajue jambo hili, maana mbegu nzuri ikipelekwa mahali pasipoifaa humrudia mteja akiwa na hasira.

Joto linatoka wapi

Katika chumba cha Kimisagara joto lina milango mitatu. Wa kwanza ni bati. Wa pili ni ukuta unaopigwa na jua la jioni. Wa tatu ni uyoga wenyewe.

Mlango wa kwanza ndio mkubwa kuliko yote. Bati lililopigwa na jua la mchana halishikiki kwa mkono, na joto lake hushuka moja kwa moja juu ya mirija. Watu wengi hukimbilia kununua feni. Tufanye hesabu kwanza.

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 30. Kwa kupumua tu, uyoga unaozaa huhitaji hewa ya chumba ibadilishwe mara 4 hadi 8 kwa saa. Tukichukua mara 5, ni mita za ujazo 150 kwa saa. Feni ndogo ya kutoa hewa inaiweza kazi hiyo.

Sasa tuseme bati linaingiza kilowati moja ya joto. Kwa mwinuko wa Kigali, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takriban kilojuli moja kwa kila nyuzi moja ya joto. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa au Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo feni ile ile hubeba joto pungufu ikiwa Kigali. Ili chumba kisizidi joto la nje kwa zaidi ya nyuzi 5, utahitaji kupitisha mita za ujazo 720 kwa saa. Ukitaka tofauti iwe nyuzi 2 tu, utahitaji 1,800.

Upepo wa namna hiyo ndani ya chumba kidogo utakausha uyoga wote. Tena, feni haiwezi kamwe kushusha joto chini ya lile la nje. Kama nje ni nyuzi 28, feni itakuletea 28, haitakuletea 22.

Funzo la hesabu hii ni hili: joto la bati huzuiwa, halifukuzwi. Feni ni ya kumpatia uyoga pumzi. Kupoza ni kazi ya kivuli na maji. Anayeipa feni kazi zote tatu hutumia umeme mwingi na kukosa vyote.

Kuzuia joto la paa

Njia ya bei nafuu ni dari. Mikeka ya mafunjo, matete au magunia yaliyoshonwa pamoja, ikitandazwa chini ya bati kwa nafasi ya sentimita 30 hivi, huzuia sehemu kubwa ya joto. Jambo la lazima ni kuiacha ile nafasi iwe wazi pande zote mbili, ili hewa ya moto iliyo kati ya bati na dari itoke. Dari iliyozibwa kila upande huhifadhi joto na kulishusha usiku.

Njia ya pili ni kupaka bati rangi nyeupe au chokaa juu. Chokaa huoshwa na mvua, kwa hiyo hupakwa upya mwanzoni mwa kiangazi kirefu, yaani Juni. Kwa ukuta wa magharibi, mmea wa kutambaa au kivuli cha matete hutosha.

Njia ya hewa: iingie chini, itoke juu

Hewa ya moto hupanda. Kila mtu analijua hilo, lakini mabanda mengi huwa na tundu la juu tu, au la chini tu. Tundu moja si njia, kwa kuwa hewa haiwezi kutoka kama hakuna nyingine inayoingia.

Weka matundu ya kuingizia karibu na sakafu, upande wenye kivuli. Weka ya kutolea juu kabisa, upande wa pili. Kadiri tofauti ya kimo inavyokuwa kubwa, ndivyo hewa inavyovutika yenyewe bila umeme. Mteremko wa Kimisagara unasaidia hapa: usiku hewa baridi hushuka kutoka Mlima Kigali kuelekea bonde la Nyabugogo. Tundu la kuingizia linaloelekea juu ya mlima hupokea hewa hiyo bure.

Kila tundu lizibwe kwa wavu wa kuzuia nzi. Lakini kumbuka kwamba wavu wenye macho madogo unaweza kula nusu ya nafasi au zaidi. Kama ulipanga tundu la sentimita 30 kwa 30, likate mara mbili ya hapo. Wavu usafishwe kila juma, maana vumbi huuziba kimya kimya.

Kama unatumia feni, iwe ya kutoa hewa, na ikae juu. Feni ya mezani inayozungushwa ndani ya chumba kilichofungwa haileti hewa mpya, bali hukoroga ile ile iliyochoka. Feni ndogo ya wati 30 ikifanya kazi saa 24 hula umeme wa uniti 0.72 kwa siku. Weka pia njia ya kuishi bila hiyo feni, kwa sababu umeme ukikatika saa saba mchana mirija haitakungoja. Matundu ya chini na juu yafanye kazi hata feni ikiwa imezimwa.

Ratiba nzuri kwa Kigali ni hii. Matundu yafunguliwe yote kuanzia jioni hadi asubuhi, chumba kikusanye ubaridi. Kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni yapunguzwe, yabaki ya kutosha kupumua tu.

Kuna jambo moja la ujirani. Uyoga uliokomaa hutoa vumbi laini la mbegu, spora, ambalo likivutwa siku nyingi huumiza mapafu. Kikohozi, homa na kubanwa kifua ni dalili ambazo wakulima wa uyoga huzipata duniani kote. Tundu la kutolea lisielekee dirisha la jirani wala chumba wanamolala watoto. Mchumaji avae barakoa, na uyoga uchumwe kabla kingo za kofia hazijafunuka. Ukichumwa mapema huo ndio unaosafiri vizuri pia.

Maji ndiyo yanayopoza

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya joto la takriban kilojuli 2,400. Ukifanikiwa kukausha lita moja kila saa, umeondoa karibu theluthi mbili za kilowati. Hakuna feni ndogo inayoweza kazi hiyo.

Tandika mchanga au kokoto sakafuni, umwagie maji. Ning'iniza magunia ya katani yaliyolowa mbele ya matundu ya kuingizia, ili hewa ipite katikati yake na kuingia ikiwa baridi na yenye unyevu. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, hewa ya mchana ni kavu na njia hii hufanya kazi vizuri. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei hewa imeshiba maji, mvuke haupati pa kwenda, na kumwaga maji zaidi huleta maji sakafuni badala ya ubaridi. Msimu huo ongeza hewa, punguza maji.

Usinyunyizie matone mazito juu ya uyoga wenyewe kisha ukafunga mlango. Maji yanayokaa juu ya kofia kwa saa nyingi bila hewa kupita huleta bakteria, na huo ndio mwanzo wa madoa ya njano.

Mahema ya kuoteshea yanayoagizwa nje

Siku hizi kuna mahema ya kitambaa yenye bitana ya kung'aa, yanayouzwa kupitia intaneti pamoja na taa, feni na chujio la mkaa. Wafanyabiashara wanaoyaagiza wajue wanachomuuzia mteja.

Hema hilo liliundwa kwa mimea inayohitaji taa kali. Taa ndiyo inayoleta joto, na feni imepangwa kulitoa. Mkulima wa uyoga hahitaji taa hizo, kwani mwanga wa kawaida wa chumba humtosha. Chujio la mkaa ni la kuondoa harufu, naye halihitaji. Tena hupunguza nguvu ya feni. Anachohitaji ni hema, feni ndogo na kifaa cha kutoa ukungu wa maji. Ukimuuzia seti nzima, umemuuzia joto.

Kanuni ya hewa ni ile ile: madirisha ya wavu ya chini yafunguliwe, feni ivute kutoka juu. Feni ikiwashwa, kuta za hema zikivutika ndani kidogo, mambo ni sawa. Zikivutika sana hadi kugusa mirija, tundu la kuingizia ni dogo. Zisipovutika kabisa, ama feni ni dhaifu, ama hewa inaingilia penye nyufa karibu na feni na kutoka bila kupita kwenye uyoga.

Na jambo kubwa zaidi: hema lililowekwa ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 30 litakuwa na nyuzi 30. Hema halizalishi ubaridi. Anza na paa.

Dalili za kusoma kabla ya kulipa

Mnunuzi haruhusiwi kila mara kuingia bandani, lakini uyoga wenyewe husema ulikotoka.

Shina refu na kofia ndogo: chumba hakikupata hewa ya kutosha.

Kofia iliyopasuka kingo na kukauka: upepo ulikuwa mwingi au unyevu mdogo.

Madoa ya njano na utelezi: maji mengi bila hewa. Usinunue kwa safari yoyote.

Unga mweupe umetanda juu ya kofia za chini: umechelewa kuchumwa, spora zimeanza kudondoka. Hautafika mbali.

Mrija wenye ukungu wa kijani: ama pumba hazikuchemshwa vizuri, ama mrija ulipata joto kali. Usiuweke pamoja na mizima.

Mirija iliyopandwa ni mzigo wenye moto

Dereva wengi huichukulia mirija kama matofali: wanaipanga mpaka juu, wanafunika turubai, wanaondoka. Mirija hiyo iko hai. Ikilaliana bila nafasi, joto la katikati ya rundo halina pa kutokea, na jua juu ya turubai linaongeza jingine. Mzigo unaweza kufika ukiwa mweupe na mzuri kwa macho, kisha baada ya siku chache ukageuka kijani kwa mteja. Hapo ugomvi huanza, na hakuna anayejua nani alipe.

Pakia mirija ikiwa imesimama au ndani ya kreti, isizidi tabaka chache, na acha njia za hewa kati ya safu. Weka mbao chini ili hewa ipite. Chomeka kipimajoto chembamba katikati ya mzigo, siyo pembeni. Kikifika nyuzi 30, simama kivulini na ufungue. Andikianeni joto la mzigo wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, kwenye hati ya kupokelea mizigo. Kipimajoto kimoja kitamaliza kesi nyingi.

Uyoga mbichi njiani

Uyoga mbichi hupumua kwa kasi kuliko mazao mengi ya sokoni. Vipimo vya uyoga mweupe wa kifungo vinaonyesha kwamba kwenye nyuzi 20 kilo moja hutoa kiasi cha miligramu 300 za kabonidayoksaidi kwa saa. Kwa lugha ya joto, kilo 100 hutoa moto unaokaribia wa balbu moja ya zamani ya wati 100. Moto huo ukifungiwa ndani, mzigo hupanda karibu nyuzi moja kila saa, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopumua kwa kasi zaidi. Ukiwa karibu na nyuzi sifuri, upumuaji hushuka hadi karibu moja ya saba au chini yake.

Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuchuma ndiyo yenye thamani kuliko zote. Chuma alfajiri, usiuoshe, utandaze mahali penye baridi, kisha upakie. Ukipata jokofu la nyuzi 2 hadi 4, uache hapo upoe hadi katikati. Gari la baridi hutunza ubaridi uliokuwepo. Halina nguvu ya kupoza haraka mzigo uliopakiwa ukiwa moto. Ndani yake acha nafasi juu, chini na kati ya safu, maana hewa baridi isiyopita hubaki mlangoni.

Kwa pikapu na Fuso zisizo na baridi, zingatia haya:

Tumia kreti zenye matundu au vikapu, uyoga usizidi kina cha sentimita 15 hivi. Ule wa chini usipondwe na wa juu.

Usifunge ndani ya mifuko ya nailoni. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vifaa vingine vya plastiki vya kutumia mara moja. Mifuko itachukuliwa mpakani, na hata isipochukuliwa, uyoga ndani yake utakosa pumzi na kulowa jasho lake. Mirija ya kuoteshea nayo ni nailoni: anayeileta au kuitengeneza aulize kwanza kibali kwa REMA, mamlaka ya mazingira.

Turubai lisilale juu ya mzigo. Liinue kwa fito, acha uwazi mbele chini ya paa la kabini na uwazi mwingine nyuma. Gari likitembea, hewa itaingia mbele na kutoka nyuma.

Usipakie uyoga nyuma kabisa ya kabini kama joto la injini linafika hapo, wala pamoja na dagaa, samaki au mafuta ya taa. Uyoga huvuta harufu haraka.

Safiri usiku au alfajiri. Kigali hadi Gatuna ni kilomita 80 hivi. Rubavu na Rusumo kila moja ni kama kilomita 155 hadi 160.

Na kanuni kuu ya msafirishaji: gari likisimama, hewa imesimama. Mzigo uliovumilia saa tatu za mwendo unaweza kuharibika kwa saa moja ya foleni juani. Ukifika mpakani, tafuta kivuli, fungua nyuma na mbele, elekeza mdomo wa gari upepo unakotoka.

Karatasi pia hupunguza joto

Muda wa foleni ni joto, kwa hiyo hati ziwe tayari kabla mzigo haujatoka kwenye baridi. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na RICA baada ya ukaguzi. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo ulio katika orodha iliyokubaliwa na wenye thamani isiyozidi dola 2,000 unaweza kutumia cheti chepesi cha asili, ambacho hupatikana mpakani. Hakikisha mapema kama bidhaa yako imo katika orodha na kama nchi unayoingia inataka kibali chake cha kuingiza. Mirija iliyopandwa na mbegu hukaguliwa kwa ukali kuliko uyoga wa kula. Usiziandike kwa jina moja.

Wasafirishaji wanakumbuka mpaka wa Gatuna ulivyofungwa Februari 2019, na shughuli kuanza kurejea 31 Januari 2022. Mzigo unaoharibika kwa siku mbili usitegemee barabara moja wala mnunuzi mmoja. Uwe na mtu wa Kigali anayeweza kuupokea usiku huo huo kama safari imekwama.

Kwa safari ndefu, kausha

Kampala unafikika kwa uyoga mbichi kama ulipoozwa vizuri. Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, si safari ya uyoga mbichi bila gari la baridi. Hapo kausha. Uyoga ni maji kwa karibu asilimia 90, hivyo kilo 10 mbichi hutoa kiasi cha kilo moja kavu. Kikaushio cha jua nacho ni somo lile lile la hewa: iingie chini, ipate moto, ipite kati ya trei na kutoka juu ikiwa imebeba maji.

Ukishakauka hadi kuvunjika kwa sauti, mambo hugeuka. Uyoga mkavu haupumui. Sasa ufunge kabisa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, maana adui wake mpya ni unyevu wa nje. Nao hausumbuliwi na foleni.

Kwa anayeanza, usinunue feni leo. Nunua vipimajoto viwili vya bei nafuu. Kimoja kiweke chini ya bati, kingine katikati ya mirija, na uandike saa saba mchana na saa kumi na moja alfajiri kwa siku saba. Namba hizo 28 ndizo zitakazokuambia kama pesa yako iende kwenye dari, kwenye tundu la chini, kwenye maji, au kwenye chumba kingine kabisa.